Hugo Gernsback: Duka, Jarida na Mlingoti

Uandishi wa habari za teknolojia ni kazi changa ukilinganishwa na uandishi wa siasa, wa mahakama au wa biashara, na katika Marekani ya mwanzo wa karne ya 20 sehemu yake kubwa ilichipukia dukani, nyuma ya meza ya kuuzia betri, koili na nyaya. Hugo Gernsback ndiye mfano ulio wazi zaidi wa asili hiyo, kwa kuwa kazi nne ambazo siku hizi hutengwa kwa makusudi, yaani uuzaji wa vifaa, uhariri wa majarida, utangazaji wa redio na ubashiri wa mitambo ambayo bado haijaundwa, zilifanywa na mtu huyo mmoja, tena kwa ajili ya wateja wale wale. Wanaomkumbuka leo humkumbuka zaidi kwa Amazing Stories, jarida la hadithi za kisayansi aliloliasisi Aprili 1926, na kwa tuzo ya hadithi hizo iliyoanza kutolewa mwaka 1953 na ambayo hadi sasa huitwa kwa jina lake la kwanza. Upande huo umeandikwa vya kutosha. Uliosahauliwa ni upande wa redio, uliomchukulia miaka mingi zaidi na fedha nyingi zaidi, na ambao ndani yake swali la uaminifu wa mwandishi wa teknolojia linasimama bila pazia: je, anayekiuza kitu anaweza pia kukitolea ushahidi?

Gernsback alizaliwa Luxembourg tarehe 16 Agosti 1884, mtoto wa mfanyabiashara wa mvinyo, na mwaka 1904, kabla hajatimiza miaka 20, alivuka Atlantiki kwenda Marekani akiwa na betri aliyoibuni mwenyewe na matumaini ya kuiuza. Betri hiyo haikumtajirisha. Hata hivyo, shughuli zake za mwanzo zilimkutanisha na kundi la watu ambalo angelitumikia, na ambalo lingemlisha, kwa zaidi ya nusu karne, yaani vijana waliopenda kufanya majaribio ya umeme sebuleni au katika banda la nyuma ya nyumba, waliokuwa na hamu kubwa na vipuri haba. Mwaka 1905, yeye na mwenzake Lewis Coggeshall wakaanzisha jijini New York kampuni iliyoitwa Electro Importing Company, iliyoagiza vifaa vya umeme kutoka Ulaya na kuviuza kwa njia ya posta, na kutokana na herufi za jina hilo wakaunda jina la bidhaa yao mashuhuri kuliko zote, Telimco, seti ya kutuma na kupokea ishara bila waya iliyotangazwa katika jarida la Scientific American.

Seti hiyo inastahili kutazamwa kwa karibu. Upande wa kutuma ulikuwa na betri pamoja na koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya kiini cha chuma ili nguvu ndogo ya betri ipande hadi kuwa kali kiasi cha kurusha cheche kati ya vifundo viwili vya shaba, na kila cheche ilipowaka, mawimbi ya redio yalisambaa pande zote. Upande wa kupokea ulikuwa na kijibomba chenye chembe za chuma, ambazo kwa kawaida hulala ovyo na kuuzuia umeme, lakini wimbi linapozifikia hushikamana na kuupitisha, ndipo kengele iliyounganishwa nazo inapolia; kisha kinyundo kidogo hukigonga kijibomba hicho, chembe zikaachana, na chombo kikawa tayari kwa ishara inayofuata. Hakukuwa na sauti ya mtu wala muziki, ila mlio wa kengele katika chumba ambacho hakuna waya wowote ulioingia. Kifaa hicho kiliuzwa kwa bei isiyofika dola 10, kikiwa na ahadi ya kufanya kazi katika umbali wa maili moja, na kwa simulizi ya Gernsback mwenyewe, askari polisi alifika dukani kuchunguza malalamiko kwamba tangazo lile ni la utapeli, kwa maana bei ile haikuelekea kuwa ya kweli, hata ikabidi seti ionyeshwe ikifanya kazi mbele yake. Huenda simulizi hiyo imetiwa chumvi, kama nyingi alizozipenda, ila inaeleza vyema hali ya soko: bidhaa ilikuwa imetangulia kuwapo kabla umma haujawa na maarifa ya kuiamini.

Pengo hilo ndilo lililomfanya mwuzaji awe mwandishi. Mnunuzi wa kiti hahitaji kufundishwa kukaa, lakini aliyefungua sanduku la koili na chembe za chuma, akiwa peke yake katika mji mdogo usio na mhandisi, alihitaji mchoro, maelezo ya hatua kwa hatua, na mahali pa kuulizia pale kengele isipolia. Katalogi ya kampuni ikaanza kubeba mafunzo pamoja na bei, mafunzo yakazidi nafasi ya katalogi, na Aprili 1908 likatoka jarida la Modern Electrics, ambalo msomaji wake angeweza kusoma namna ya kutengeneza kipokezi, kisha akafunua kurasa chache mbele na kukuta tangazo la duka la mhariri lenye kila kipuri alichotajiwa. Kwa mizani ya leo, mpangilio huo ni mgongano wa maslahi usiohitaji kujadiliwa. Lakini hukumu ya haraka namna hiyo huficha jambo moja muhimu, kwamba makala za aina hiyo zilikuwa na kipimo kikali kuliko kile ambacho mwandishi wa siasa hukabiliana nacho: msomaji alifuata maelekezo kwa mikono yake, na kama mchoro ulikuwa na kosa, chombo kilinyamaza. Uongo ungeweza kupita katika sifa na katika ubashiri, si katika mchoro.

Nguvu ya kundi hilo la wasomaji ilionekana katika siasa. Mwaka 1909 Gernsback aliasisi Wireless Association of America, chama cha waendesha redio wa ridhaa, yaani watu waliorusha na kupokea mawimbi kwa kupenda tu bila ujira, na ambao jeshi la majini liliwalalamikia kwa kuingilia mawasiliano ya meli. Tahariri yake ya Februari 1912 ilipendekeza kwamba serikali isiwafungie watu hao kabisa, bali iwawekee mpaka wa mawimbi yasiyozidi urefu wa mita 200. Na sheria ya redio iliyopitishwa Agosti mwaka huo, miezi michache baada ya kuzama kwa Titanic, iliweka mpaka huo huo, jambo ambalo Gernsback hakuacha kujisifia. Urefu wa wimbi ni umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata, na wataalamu wa wakati ule waliamini kwamba mawimbi mafupi hayafai kwa safari ndefu, kwa hiyo wanaridhaa walipewa kile kilichodhaniwa kuwa makombo. Miaka 10 haikupita kabla ya makombo hayo kugeuka karamu, kwa maana Desemba 1921 ishara za wanaridhaa wa Marekani, zilizorushwa kwa mawimbi hayo, zilinaswa Scotland, ng'ambo ya Atlantiki, na makampuni makubwa yakaanza kuyatamani mawimbi mafupi yaliyodharauliwa. Hakuna ushahidi kwamba mhariri aliyeandika tahariri ile aliiona faida hiyo mapema. Ni moja ya nyakati chache ambapo mtu aliyebashiri kila kitu alipatia bila kubashiri.

Ubashiri wenyewe alikuwa ameufanya sehemu ya kazi ya uandishi. Desemba 1909 Modern Electrics ilichapa makala yake kuhusu televisheni, wakati ambapo hapakuwa na televisheni popote duniani; mwaka 1911 jarida hilo likaanza kutoa kwa mfululizo riwaya yake ya Ralph 124C 41+, ambayo hadithi yake ni nyembamba na wahusika wake ni wa karatasi, ila mitambo yake imeelezwa kwa subira ya mtu anayeandika katalogi ya mwaka 2660. Mwaka 1913 alianzisha Electrical Experimenter, na humo, mwaka 1919, Nikola Tesla alichapisha kwa mfululizo kumbukumbu za maisha na uvumbuzi wake, kazi ambayo bila mhariri mwenye ushawishi na uvumilivu pengine isingeandikwa. Mtindo wa majarida hayo ulichanganya, wakati mwingine katika ukurasa mmoja, kitu kilichokwisha kuundwa, kitu kinachowezekana na kitu kinachotamaniwa. Mfano unaopendwa na wapenda vichekesho ni kofia aliyoieleza Julai 1925 katika jarida lake la Science and Invention, iliyokusudiwa kumtenga mwandishi na kelele za ofisi: iliyafunika masikio, uso na kichwa chote, ikawa na mrija wa oksijeni, na vioo vya macho vilipakwa rangi nyeusi isipokuwa mstari mwembamba ulioachwa wazi ili mvaaji aone mstari mmoja tu wa maandishi kwa wakati. Ni rahisi kuicheka. Ni vigumu zaidi kukanusha kwamba aliyeibuni alikuwa ameichunguza kazi yake mwenyewe kama fundi achunguzavyo mashine yenye kasoro.

Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, serikali iliamuru mitambo ya wanaridhaa izimwe, na amri hiyo ilipolegezwa mwaka 1919 Gernsback alikuwa tayari na jarida jipya, Radio Amateur News, lililotoka Julai mwaka huo. Mwaka mmoja baadaye neno la katikati liliondolewa likabaki Radio News, na mabadiliko hayo yaliusoma upepo kwa usahihi, kwa sababu tarehe 2 Novemba 1920 kituo cha KDKA cha Pittsburgh kilitangaza matokeo ya uchaguzi wa rais, na tangu hapo redio ikaanza kutoka mikononi mwa watu wanaozungumza wao kwa wao na kuwa sauti moja inayosikilizwa na maelfu. Huu ndio mpasuko uliokuja kuyaathiri maisha ya Gernsback kuliko tukio lolote. Mwanaridhaa alikuwa na mlingoti wake, mtambo wake na maoni yake. Msikilizaji alihitaji kipokezi tu. Kwa miaka michache tofauti hiyo haikudhihirika, kwani vipokezi vilivyokwisha kuundwa vilikuwa ghali, na familia nyingi zilisikiliza kwa seti ambazo kijana wa nyumbani alikuwa ameziunganisha kwa kufuata mchoro wa jarida. Radio News ilinawiri juu ya kijana huyo.

Tarehe 12 Juni 1925 mhariri mwenyewe akaingia hewani. Kituo chake kiliitwa WRNY, herufi tatu za mwisho zikiwakilisha Radio News na New York, na studio yake ilikuwa katika hoteli ya Roosevelt, Manhattan. Duka, jarida na mlingoti vikawa sasa mwili mmoja: jarida lilieleza chombo, kituo kilitoa cha kusikiliza kwa chombo hicho, na msikilizaji aliyevutiwa na mazungumzo ya hewani alielekezwa kununua toleo linalofuata. Gernsback alizungumza hewani kuhusu sayansi na redio, na hapo ugumu ambao kila mtangazaji wa teknolojia anaujua ulimkabili bila huruma. Maelezo ya ufundi yaliyochapwa huweza kusomwa tena, kidole kikafuata waya katika mchoro kutoka betri hadi spika. Maelezo ya redioni hupita mara moja, na msikilizaji aliyekosa neno moja hupoteza yote yanayofuata. Mhariri aliyezoea michoro alilazimika kutafuta kitu ambacho redio yenyewe ingeweza kukionyesha bila mchoro, na Juni 1926 WRNY ilipiga muziki wa chombo alichokiita Pianorad, kinanda ambacho kila ufunguo wake uliendesha vali yake, yaani taa ya kioo isiyo na hewa ndani iliyotumika wakati ule kuzalisha na kukuza mitetemo ya umeme, na mitetemo hiyo ikatoka katika spika kama sauti. Kinanda hicho hakikudumu. Kama kipindi cha redio kuhusu teknolojia, hata hivyo, kilikuwa na fikra safi, kwa kuwa msikilizaji hakuelezwa chombo: alikisikia.

Hatua iliyofuata ilikwenda mbali zaidi. Agosti 1928, karibu miaka 19 baada ya makala yake ya mwaka 1909 kuhusu televisheni, WRNY ilianza kurusha picha za televisheni kwa kushirikiana na kampuni ya Pilot. Televisheni hiyo ilikuwa ya aina ya mitambo, ambapo sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko huzunguka kwa kasi na kuikata sura ya mtu katika mistari ya mwanga na giza, na sahani nyingine kwenye kipokezi huzunguka kwa mwendo ule ule ili kuiunganisha upya. Picha ilikuwa na mistari 48, ilibadilishwa mara 7.5 kwa sekunde, na ukubwa wake ulikuwa inchi moja na nusu kila upande, hata mtazamaji alihitaji kioo cha kukuzia ili kuutambua uso. Kwa vile masafa ya kituo hayakuweza kubeba picha na sauti kwa pamoja, watazamaji walionyeshwa kwanza sura ya mwimbaji ikifungua na kufunga mdomo kimyakimya, kisha picha ikaondolewa na wimbo ukasikika. Wenye vipokezi vya namna hiyo walikuwa wachache, na wengi wao bila shaka walikuwa wameviunda wenyewe kwa kufuata maelekezo ya majarida, kwa hiyo hadhira ya jaribio hilo ilikuwa hadhira iliyotengenezwa na mwandishi yule yule aliyelitangaza. Ni hapa tathmini ya haki inapaswa kutulia kidogo. Mtu anaweza kusema kwamba Gernsback alizalisha habari ili apate ya kuandika, na atakuwa amesema kweli. Lakini anayesema hivyo akumbuke kwamba jaribio lilifanyika hadharani, udogo wa picha ulitajwa wazi, na yeyote aliyekuwa na sahani yake angeweza kuona mwenyewe kama ahadi ilitimia.

Hesabu za fedha zilikuwa na subira ndogo kuliko wasomaji. Kuendesha kituo cha redio kuligharimu mno, matangazo ya biashara yaliyorushwa hayakufidia, na waandishi wa hadithi walilipwa kidogo na kwa kuchelewa, hata mmoja wao, H. P. Lovecraft, akampachika katika barua zake jina la panya. Februari 1929 wadai waliifikisha kampuni yake ya uchapishaji mahakamani ikatangazwa mufilisi, na WRNY pamoja na majarida yake yote, Radio News na Amazing Stories yakiwamo, yakapita katika mikono ya watu wengine. Kuna wanaoona njama katika kuanguka huko. Uwezekano huo hauwezi kufutwa, lakini maelezo ya kawaida yanatosha: mtu mmoja alikuwa ameupa mlingoti sehemu kubwa mno ya pato la jarida, katika miaka ambayo vituo vikubwa vilikuwa vikiungana katika mitandao ya nchi nzima iliyomzidi kwa mbali.

Lililo zito zaidi kwa mwenye kutafakari kazi hii ni kwamba mafanikio ya utangazaji yalikuwa yakimpokonya wasomaji. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920, viwanda vilikuwa vinauza vipokezi vilivyokamilika, vilivyochomekwa kwenye umeme wa nyumba badala ya betri, vilivyofungwa katika makabati ya mbao yanayofaa kuwekwa sebuleni pamoja na samani nyingine, na mwenye chombo kama hicho hakuwa na sababu ya kujua kilichomo ndani. Kila kipindi kizuri cha WRNY kilimpa mtu mmoja zaidi sababu ya kununua redio iliyo tayari, na kila aliyenunua redio iliyo tayari alipungua katika hesabu ya wanaohitaji mchoro. Gernsback alilielewa hilo mapema kuliko washindani wake wengi. Jarida alilolianzisha miezi michache tu baada ya kufilisiwa, Radio-Craft, liliwalenga zaidi mafundi redio, watu waliojipatia riziki kwa kufungua makabati yale yalipoharibika, na humo ikarejea ile nidhamu ya zamani ambapo maelezo yenye kosa hugunduliwa na mtu mwenye bisibisi mkononi. Jarida hilo, lililobadilishwa jina mwaka 1948 kuwa Radio-Electronics, lilidumu kuliko kituo chake cha redio na kuliko yeye mwenyewe.

Katika kurasa hizo hizo, toleo la Aprili lilikuwa na desturi ya kubeba makala ya mzaha kuhusu uvumbuzi wa ajabu, iliyotiwa sahihi ya mtaalamu wa kubuni aliyeitwa Mohammed Ulysses Fips, ambaye alikuwa mhariri mwenyewe. Mzaha ulifanya kazi kwa sababu uliandikwa kwa lugha ile ile, kwa michoro ile ile na kwa uzito ule ule wa makala za kweli, na hapakukosekana msomaji wa kuuamini. Ni tabu kumlaumu msomaji huyo. Mhariri alikuwa amemfundisha tangu 1908 kwamba kisichowezekana mwaka huu kitauzwa mwakani, na alikuwa amepatia mara nyingi kiasi cha kuufanya utani wake ushindwe kutofautishwa na taarifa zake. Hata mwaka 1963, akiwa na miaka 78, alipigwa picha na jarida la Life akiwa amevaa miwani ya televisheni, kisanduku kinachokaa juu ya macho na kutoa vijiti viwili vya antena, na aliitetea kwa umakini wote, kama alivyoitetea kengele ya Telimco. Alifariki New York tarehe 19 Agosti 1967, akiwa na hataza zipatazo 80 kwa jina lake, na Radio-Electronics ikaendelea kutoka chini ya mwanawe.